Maswali na majibu: Kazi ya kwanza ya kutengeneza programu Ujerumani

Barua nyingi nilizopokea tangu muhula wa baridi uanze zimetoka kwa wanafunzi wa Tanzania na Kenya wanaosoma sayansi ya kompyuta katika vyuo vya Ujerumani, na karibu zote zinauliza namna ya kupata kazi ya kwanza ya kutengeneza programu huko huko wanakosoma. Nimechagua saba. Nami niliipita njia hiyo, tena kwa taabu ambayo ningependa wadogo zangu waiepuke. Panapohusu sheria nitaeleza sheria inavyosema, na panapohusu maoni nitasema wazi kuwa ni maoni yangu.

Shikamoo dada. Nimeanza shahada ya uzamili, na wenzangu wananishauri nisome kwanza, kazi nitatafuta nikishamaliza. Je, wako sahihi? – Mwanafunzi, Magdeburg

Marahaba mdogo wangu. Hawako sahihi, na ningeomba hata asiyekuwa na muda wa kusoma majibu mengine alisome hili.

Mwajiri wa Kijerumani humwogopa mtu asiyemjua, na hofu hiyo ina sababu yake. Katika kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 10, mtu akishapita miezi 6 kazini sheria humlinda, na kumwachisha kunahitaji sababu inayoweza kutetewa mahakamani. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa kudumu, mwajiri hutafuta kila dalili ya kumhakikishia kwamba hatajuta, na dalili anayoiamini kuliko cheti chochote ni kwamba mtu huyo ameshafanya kazi ndani ya kampuni ya Kijerumani, ikiwezekana ndani ya kampuni yake mwenyewe. Mlango wa kufika hapo ni kazi ya mwanafunzi, ambayo Wajerumani huiita Werkstudent: unaajiriwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, unakaa na timu halisi na unagusa msimbo unaotumiwa na wateja halisi. Mwajiri naye ananufaika, kwa kuwa katika ajira ya namna hii hakuna makato ya bima ya afya wala ya ukosefu wa ajira kwenye mshahara. Yanayobaki ni makato ya pensheni, ambayo kwako ni asilimia 9.3 ya mshahara.

Kibali chako cha masomo kinaruhusu kazi hiyo. Tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku 140 nzima au siku 280 za nusu kwa mwaka, ambapo nusu siku maana yake ni saa zisizozidi 4. Kazi za usaidizi chuoni kwako, kama kuendesha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza au kutunza mfumo wa maabara ya profesa, hazihesabiwi katika siku hizo, na kwa maoni yangu ndizo rahisi zaidi kuanza nazo, kwa sababu profesa ameshakuona darasani.

Mimi nilifanya kinyume. Mihula mitatu ya kwanza niliosha vyombo katika mgahawa, si kwa sababu nilikosa akili ya kutafuta kingine, bali kwa sababu kazi ile ilipatikana wiki ile ile nilipohitaji kodi ya chumba. Hakuna aibu katika kuosha vyombo. Lakini nilipohitimu, wasifu wangu haukuwa na mstari hata mmoja wa kazi ya kompyuta katika nchi ile, na ilinichukua zaidi ya mwaka kuziba pengo ambalo wenzangu walioanza mapema hawakuwa nalo. Ukilazimika kufanya kazi ya mikono katika muhula wa kwanza, ifanye, ila muhula wa pili usiishe kabla hujaanza kutuma maombi ya kazi ya taaluma yako. Mihula miwili ya mwisho iwe ya kufanya kazi, na tasnifu yako, chuo kikikubali, uiandike juu ya tatizo la kampuni hiyo hiyo. Wengi ninaowafahamu waliopata mkataba ndani ya wiki chache baada ya kuhitimu walipitia njia hii.

Masomo yangu yote ni kwa Kiingereza na nimesikia kwamba kampuni za Berlin hazijali Kijerumani. Je, nijisumbue kukisoma? – Msomaji, Berlin

Ni kweli kwamba Berlin, na kwa kiasi fulani München, kuna kampuni ambazo mikutano, barua na nyaraka zake zote ni kwa Kiingereza. Lakini fikiria ni nani mwingine anayeziona nafasi hizo. Anayetafuta kazi akiwa na Kiingereza peke yake anashindana na watu wa India, Brazil, Uturuki na Uhispania wenye uzoefu wa miaka mitano, kwa nafasi iliyotangazwa kwa ajili ya anayeanza.

Sehemu kubwa ya kazi za programu Ujerumani haiko katika kampuni hizo. Iko katika bima, benki, hospitali, halmashauri za miji na viwanda vya mashine, na mara nyingi haiko hata katika miji mikubwa: SAP, inayotengeneza programu za kuendeshea biashara, makao yake ni Walldorf, mji mdogo ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia kabla ya kufika, DATEV, inayotengeneza programu za wahasibu na washauri wa kodi, iko Nürnberg, Trumpf, inayotengeneza mashine za kukata chuma kwa miale ya leza, iko Ditzingen karibu na Stuttgart. Mahali kama hapo unaweza kuandika msimbo kwa Kiingereza siku nzima, lakini mteja anayelalamika, mwongozo wa kanuni za kodi na mazungumzo ya chakula cha mchana ni kwa Kijerumani, na mtu asiyeyafuata hubaki akipewa vipande vya kazi asivyojua vinatokea wapi wala vinakwenda wapi.

Kwa hiyo jisumbue. Lengo langu kwako ni ngazi ya B1, yaani kuweza kujieleza katika mambo ya kila siku, kabla ya kuhitimu, na B2, inayofuata juu yake, ukiweza. Vyuo vingi hutoa madarasa ya lugha bure au kwa ada ndogo, na wanaosoma safu hii wakiwa bado nyumbani waanze huko huko, kwa kuwa Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na ipo Nairobi. Wengi wetu tulianza na lugha ya mama, tukaongeza Kiswahili, kisha tukasomeshwa sekondari nzima kwa Kiingereza. Kujifunza lugha tukiwa na jambo jingine la kusoma si jambo geni kwetu, na tusikubali kuambiwa kwamba Kijerumani hakishikiki. Ukipata kazi, waombe wenzako kwa adabu wazungumze nawe Kijerumani hata pale unapojikwaa, kwani wasipoombwa watahamia Kiingereza kwa nia njema na utakaa miaka mitatu bila kusonga.

Nina kazi za darasani tu za kuonyesha. Niweke nini katika GitHub yangu, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo? – Mkenya, Aachen

Weka kitu kimoja kilichowahi kutumiwa na mtu asiyekuwa wewe. Anayesaili ameshaona mamia ya programu za orodha ya mambo ya kufanya na za kutabiri hali ya hewa, na hazimwambii lolote kuhusu wewe. Wewe unatoka nchi ambayo M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kama ulishawahi kuunganisha malipo hayo na mfumo wa duka la mjomba, chama cha akina mama au SACCO ya mtaani kwenu, una hadithi ambayo mwenzako aliyekulia Köln hana. Eleza tatizo lililokuwepo: mteja amelipa, mtandao umekatika, jibu la malipo limefika mara mbili, nawe ulihakikishaje kwamba deni halifutwi mara mbili? Hilo ni swali zito la uhandisi katika nchi yoyote.

Usidhani tu kwamba anayekusaili anaijua M-Pesa. Andika aya mbili mwanzoni mwa mradi, kwa Kijerumani au Kiingereza safi, kueleza ni nini, ni nani aliyeutumia mfumo wako na ni uamuzi gani ungeubadilisha ukianza upya. Ongeza majaribio ya msimbo, hata machache. Wajerumani niliofanya nao kazi hufungua faili la majaribio kabla ya kufungua programu yenyewe.

Je, niweke picha na tarehe ya kuzaliwa katika wasifu? – Msomaji, Leipzig

Si lazima. Tangu sheria ya kuwatendea watu kwa usawa ya mwaka 2006, mwajiri hapaswi kudai picha, ingawa waombaji wengi bado huiweka kwa mazoea. Mimi siweki. Tumia nafasi hiyo kuandika aina ya kibali chako cha kuishi na kwamba kinakuruhusu kufanya kazi, kwa sababu jambo hilo humtia wasiwasi mwenye kampuni ndogo zaidi kuliko sura yako.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam ananipa kazi ya kutengeneza tovuti, nami nimlipishe kama mtu anayejitegemea. Kuna ubaya? – Mwanafunzi, Kassel

Upo. Siku 140 zinahusu ajira, yaani kazi yenye mwajiri na mkataba. Kazi ya kujitegemea inahitaji ruhusa ya pekee ya ofisi ya wageni ya mji wako, hata kama mteja yuko Kariakoo na malipo yanaingia katika simu ya dada yako. Ruhusa hiyo huombwa kwa maandishi, ukieleza kazi ni ipi na kwamba haitaathiri masomo. Iombe kwanza, ungoje jibu, ndipo uanze. Nimeona watu wakipuuza jambo hili kwa sababu fedha ni ndogo, kisha likawafuata siku ya kuongeza muda wa kibali.

Nimehitimu miezi minne iliyopita na nina kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi. Kampuni moja inanipa euro 42,500 kwa mwaka, lakini wenzangu wanasema nikatae kwa sababu hazifikii kiwango cha mshahara cha Blue Card, kile kibali cha Umoja wa Ulaya cha wataalamu wenye shahada. – Mhitimu, Dresden

Usikatae kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba kiwango cha chini cha Blue Card kwa wahitimu wapya na kwa fani zenye upungufu wa watu, ikiwemo yetu, kilikuwa euro 43,759.80 mwaka 2025, na kwa mwaka 2026 ni 45,934.20, na hupangwa upya kila Januari. Lakini Blue Card si kibali pekee. Kipo kibali cha mtaalamu mwenye shahada, ambacho kwa mtu wa umri wako hakina kiwango maalumu cha mshahara. Shirika la ajira la serikali huangalia tu kwamba hulipwi chini ya Mjerumani anayefanya kazi kama hiyo katika eneo lile.

Tofauti ya baadaye nayo ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Mwenye Blue Card anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au 21 akiwa na Kijerumani cha B1. Aliyehitimu Ujerumani na mwenye kibali hicho kingine anaweza kuomba baada ya miezi 24, akiwa na B1 hiyo hiyo. Linganisha hayo na miezi 18 yako, ambayo ikiisha haiongezwi. Jaribu kujadiliana mara moja, kwa upole na kwa takwimu za mishahara ya mji wenu. Wakishindwa kuongeza, na kama timu ni nzuri na kazi inafundisha, mimi ningetia saini. Mshahara ukipanda baadaye, kibali kinaweza kubadilishwa.

Nimekataliwa mara 70. Nimeanza kuamini ni jina langu na rangi yangu. Niendelee? – Dada wa Bremen

Dada yangu, sitakuambia kwamba ubaguzi haupo, kwa sababu upo, na maumivu yake si ya kuwaza tu. Ikiwa una ushahidi, kwa mfano barua inayotaja asili yako, sheria ya 2006 inakupa miezi 2 tangu kupokea kukataliwa kudai haki yako kwa maandishi, na vyuo vingi vina mtu wa kukusaidia bila malipo.

Pamoja na hilo, chukua hizo barua 70 uzigawe kwa hatua uliyofikia. Kama hujaitwa kwenye usaili hata mara moja, tatizo liko katika wasifu au katika nafasi unazochagua. Mpe mtu anayeajiri akusomee, si rafiki mnayetafuta kazi pamoja. Kama unaitwa lakini unaishia kwenye mtihani wa msimbo, fanya mazoezi hayo kila asubuhi kwa wiki sita. Kama unafika mwisho na wanamchagua mwingine, uko karibu sana, na mara nyingi kinachokosekana ni Kijerumani au mtu wa ndani wa kukusemea. Huyo wa ndani hupatikana katika mikutano ya jioni ya watengenezaji programu, ambayo kila mji wa chuo huwa nayo na ambayo mgeni hukaribishwa bila ada.

Na kama uliwahi kufanya kazi yoyote ya mwanafunzi, je, ulidai cheti chako cha utumishi? Sheria inakupa haki ya kukidai, na Wajerumani hukisoma kwa makini kuliko tunavyodhani, kwa kuwa maneno yake yana daraja. Kikisema ulifanya kazi „stets zu unserer vollsten Zufriedenheit“ (daima kwa kuturidhisha kabisa), hiyo ni alama ya juu kabisa, kikisema tu „zu unserer Zufriedenheit“ (kwa kuturidhisha), kinaonekana cha sifa njema lakini msomaji wa Kijerumani anaona alama ya nne, yaani hafifu. Kitoe ulichonacho, ukisome pamoja na Mjerumani unayemwamini, na kama maneno hayalingani na kazi uliyofanya, mwandikie mwajiri wa zamani umwombe akirekebishe kabla hujatuma ombi la 71.