Saa ya nani? Kwa wadogo zangu mnaotafuta posti-doki (kazi ya utafiti baada ya PhD)

Wiki hii kijana aliyemaliza PhD ya uvuvi kanionyesha barua pepe aliyowatumia maprofesa 18 kwa mpigo, kila mmoja akiona anwani za wenzake. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana na mimi nilianza hivyohivyo. Haya, sikilizeni.

1. Barua moja, profesa mmoja, ukurasa mmoja. Soma makala zake mbili za karibuni, mwambie unamletea nini. Na unacho! Umekesha ziwani na wavuvi wa dagaa, furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, unawatofautisha kwa macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 kuwafuata furu haohao, kabla sangara hajawafagia. Wewe mzaliwa wa Igombe unaandika "nina shauku ya utafiti". Shauku nani hana?

2. Usisubiri joho. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Ulaya, ambao dirisha lake la maombi kwa kawaida hufungwa Septemba, unamkubali aliyekwisha kutetea tasnifu hata kama shahada haijatunukiwa. Ila mliosoma nusu huku nusu kule, hesabuni: ukiwa umeishi au kusoma katika nchi unayoombea kwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dirisha kufungwa, tafuta nchi nyingine.

3. Saa. Hapa kaeni chini.

Usaili wangu wa kwanza ulipangwa mwanzoni mwa Aprili, saa 4 asubuhi ya Ubelgiji. Februari, tulipoanza kuandikiana, tulikuwa tumewatangulia kwa saa mbili. Nikajumlisha: saa 6 mchana ya Mwanza. Nikaandika ukutani kwa kalamu nyekundu. Siku yenyewe sikuuamini umeme wa nyumbani Nyegezi, nikachukua chumba cha lodge Capripoint. Juu koti na tai, chini kaptula. Saa 5 kasorobo nikaona muda bado mwingi, nikavaa suruali, nikashuka kula sato. Nilikula taratibu, na kichwa nikakinyonya, maana kichwa cha sato hakiachwi. Saa 5 na nusu napanda, nafungua kompyuta: barua tatu. Tupo tunakusubiri. Je, una tatizo la mtandao? Ya tatu ilinitakia kila la heri.

Kumbe Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele, tofauti inabaki saa moja. Sisi ambao jua halibadilishi ratiba, nani angetuambia?

Lakini hilo nimeshalisamehe. Linaloniuma ni kwamba niliwajibu umeme ulikatika. Profesa akaandika kwa upole kwamba anaelewa hali ya Afrika. Umeme siku ile uliwaka kutwa nzima! Nimewasingizia mafundi wa watu na kuiaibisha nchi kwa ajili ya kichwa cha samaki, na yule mzee mpaka leo anaamini.

4. Wadhamini wapeni wiki tatu, pamoja na pendekezo lenyewe la utafiti. Msimamizi wako hatajua aandike nini kwa ujumbe wa "prof naomba barua, mwisho kesho".

5. Rasimu nileteeni ofisini kabla ya Ijumaa. Ijumaa jioni nipo Mwaloni nanunua dagaa, na kule sisomi pendekezo la mtu.