Mjukuu ananiuliza mbona nimenuna

"Shangazi, nina miaka 56. Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita baada ya kuugua muda mrefu, na mimi ndiye niliyemuuguza. Nimekonda, mashavu yameshuka, ngozi ya shingo inaning'inia. Mjukuu wangu kila siku ananiuliza, 'Bibi, mbona umenuna?' na wala sijanuna. Kiinua mgongo changu kimetoka, na binti yangu anaolewa baada ya wiki sita. Nataka nifanyiwe upasuaji wa kukaza uso kabla ya harusi. Au umri umenipita?"

Mama, pole sana kwa msiba, na pole kwa uuguzaji. Nakusihi usifanye kabla ya harusi. Sijasema usifanye kabisa.

Umri haujakupita. Wengi wanaofanyiwa upasuaji huu wako kwenye miaka ya 40, 50 na 60. Tena kinachokukera ndicho hasa upasuaji huu unachorekebisha: daktari hupasua kuzunguka masikio, hukaza nyama za chini ya ngozi, kisha hukata ngozi iliyozidi. Ungelalamikia mikunjo ya paji au mifuko ya macho, ningekwambia hiyo ni kazi nyingine.

Lakini wiki sita ni chache mno. Uvimbe na michubuko hupungua sana ndani ya wiki mbili tatu. Ganzi mashavuni na ngozi kuvuta huweza kuendelea kwa miezi. Siku ya harusi watu watataka kukukumbatia na kukubusu, nawe uso huenda bado una ganzi na unavuta.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni huko kukonda. Mwili wako haujatulia. Ukianza kula na kulala vizuri, huenda mashavu yakajaa kidogo yenyewe. Ukikazwa leo kisha ukaendelea kupungua, ngozi italegea tena na fedha imekwenda. Madaktari makini hutaka uzito uwe umekaa mahali pamoja kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo wiki hii nenda upimwe sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Tusiseme tu ni huzuni kumbe kuna ugonjwa.

Mwaka wa kwanza wa ujane si wakati wa kuamua jambo lisilorudishika. Subiri upite. Ukijitazama kwenye kioo na bado moyo wako unataka, bila harusi wala maswali ya mtu kukusukuma, hapo nitakuunga mkono kwa moyo wote.

Siku hiyo ikifika, tafuta daktari bingwa wa upasuaji wa urekebishaji aliyesajiliwa. Akuonyeshe picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako. Muulize nani atasimamia nusu kaputi, na nani atakupokea usiku ukivimba upande mmoja, maana damu kuvilia chini ya ngozi ndiyo shida inayotokea zaidi, hasa siku ya kwanza, na shinikizo la damu lisilodhibitiwa huiongeza. Neva ya uso nayo huweza kuguswa, mdomo ukaenda upande. Mara nyingi hurudi, si mara zote. Mweleze kama makovu yako huvimba na kukua, kama unavuta sigara, na kila dawa unayotumia, pamoja na aspirini na za mitishamba. Daktari anayekuharakisha kulipa, muage.

Na kiinua mgongo, mama, ni chakula chako cha uzeeni. Upasuaji wenyewe haudumu milele. Uso huendelea kuzeeka, na baada ya miaka kama 10 hivi ngozi huanza tena kuteremka. Kama gharama itakula nusu ya akiba yako, mimi nasema hapana.

Kuhusu mjukuu, nadhani mtoto haulizi habari za mashavu. Ameona kitu usoni kwa bibi yake na hana jina lake. Akiuliza tena, mpakate umwambie kwamba hujanuna, unamkumbuka babu.