Binti anataka kuigiza kwa Kisami: jibu kwa mama wa Tromsø, Norwe

Dada, nimekuelewa. Binti yako ana miaka 16, baba yake ni Msami, mmoja wa wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, binti anataka uigizaji, nawe unahofia lugha yenye wasemaji wachache haitamlisha.

Usimkatishe tamaa, hicho Kisami ndicho mtaji wake. Mtazame Anni-Kristiina Juuso wa Ufini: mwaka 2002 aliigiza filamu ya Kirusi, "Kukushka", yeye akizungumza Kisami, na akapata Nika, tuzo ya filamu ya Urusi, ya mwigizaji bora wa kike. Pia amekuwa mtangazaji wa redio ya Kisami. Nakusihi hapo pazingatie: binti awe na kazi ya pili.

Aanzie jukwaani. Beaivváš, kundi la maigizo la taifa la Wasami, lipo Kautokeino, kaskazini mwa Norwe, tangu 1981, na tangu 2024 liko jengo moja na sekondari ya Kisami. Mpeleke akaone mazoezi, siyo onyesho tu.

Mkataba wa filamu au televisheni usitie sahihi papo hapo. Mimi nilimsainia mwanangu karatasi mbili, kalamu nimepewa na mtayarishaji, chai haijapoa. Picha zake zikatumika kwenye matangazo bila senti moja. Mwanasheria ausome kwanza.