Trimestri nzima juu ya kichuguu: kwa mwalimu anayeanza Lubumbashi

Mwalimu mwenzangu unayeanza kazi, karibu. Mwezi wa nane direkta atakuonyesha darasa lako, atakupa programu ya taifa, na atataka previzioni (mipango ya masomo) za trimestri, yaani muhula, ya kwanza kabla watoto hawajarudi. Pengine umesikia kwenye mafunzo kwamba masomo yaunganishwe: hesabu, Kifaransa, Kiswahili, sayansi, historia, yote yazunguke mada moja. Ninaiamini njia hiyo na ndiyo ninayofundishia. Ila mipango mingi ya namna hii inakatika kabla Oktoba haijaisha, na sababu ni karibu ileile kila mahali: mwalimu alichagua neno, swali hakuchagua.

Ukiandika "Maji" au "Mazingira" juu ya ukurasa, kila kitu cha dunia kinaingia humo. Basi unaanza kubandika. Kwenye hesabu watoto wanajumlisha ndoo, kwenye uimbaji wanaimba mvua, kwenye uchoraji wanachora mto, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini juma hili ni ndoo na juma lijalo ni samaki. Swali lenyewe huita somo linalohitajika. Kipimo ninachotumia ni hiki: toa somo moja kwenye mpango, kisha angalia kama swali bado linajibika sawasawa. Likijibika, somo lile halikuwa na kazi pale. Lifundishe peke yake, kwa saa yake.

Hapa Lubumbashi swali zuri liko nje ya ukuta wa shule. Toka Ruashi mpaka Katuba, na zaidi ukielekea komine (sehemu ya mji) ya Annexe, utavikuta vichuguu kwenye parseli, yaani viwanja vya watu, kando ya njia, katikati ya shamba la mahindi. Mchwa wa jamii ya Macrotermes wanavijenga mpaka mita 8 kwenda juu, na kitako cha mita 15 hivi toka upande mmoja mpaka mwingine. Porini unaweza kupata vitatu hadi vitano kwenye hekta moja. Mtoto wa hapa amekipanda kichuguu, amejificha nyuma yake, amekula kumbikumbi wake, na kwa sababu amekizoea hajawahi kukiuliza kitu. Swali ninalokupendekezea kwa darasa la nne au la tano ni hili: kichuguu hiki kinatupa nini, na kitabaki mpaka lini?

Darasa la sita ningeliachia mada fupi ya juma mbili tu. Wana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, ule ambao wengi bado wanauita Tenafep, na wazazi wana haki ya kuona daftari za mazoezi zikijaa.

Kabla ya kupanga chochote, tandaza previzioni za masomo yote mezani, moja kando ya nyingine, na usome trimestri nzima kwa mara moja. Sisi tumezoea kusoma somo kwa somo, kwa hiyo hatuoni kwamba vipimo vya urefu katika hesabu vimewekwa Novemba wakati sayansi inavihitaji Septemba. Weka alama pale tu ambapo swali lako linagusa. Utakuta yanaguswa masomo manne au matano, mengine yamebaki pembeni, na hiyo ni hali ya afya. Kuzidisha na kugawanya kuna ngazi zake, kusoma kuna ngazi zake. Usizivunje ngazi hizo ili kila kitu kifanane na mchwa. Sogeza masomo ndani ya trimestri, usiyavushe kwenda trimestri nyingine, na mweleze direkta mapema umesogeza nini na kwa nini. Kwenye fishi ya somo, karatasi ya maandalio, andika kichwa cha programu kama kilivyo. Kichuguu kiandike chini yake, kama mfano. Inspekta akija anatafuta programu, na ni sawa aipate.

Sasa jambo linaloharibu mipango mingi ya kwetu: majira. Septemba ni kavu, majani yameungua, kichuguu kinaonekana chote toka kitako mpaka juu. Mafundi wa matofali bado wanachimba udongo wa vichuguu na kuchoma. Mvua za kwanza zinakuja Oktoba au Novemba, na zikishika, matanuru yanapoa, udongo unateleza, majani yanafunika kila kitu. Kumbikumbi wanatoka baada ya mvua hizo, bowa (uyoga) wanafuata. Kwa hiyo anza na vile ambavyo mvua itakunyang'anya: kupima, kutembelea tanuru, kuchora umbo la nje. Yote hayo yaishe kabla ya katikati ya Oktoba. Vile ambavyo mvua italeta uviweke baadaye bila tarehe. Andaa somo la kumbikumbi kikamilifu, fishi na maswali, liweke kwenye kabati, na asubuhi watoto watakapokuja na makopo yaliyojaa, somo la siku hiyo lipishe. Direkta aliyeambiwa mapema hatashangaa.

Kwenye kupima nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo hesabu inaonekana ina kazi. Mzunguko ni rahisi: kamba ndefu kuzunguka kitako, kisha mnaipima kwa mita. Ikitoka mita 47, mnagawanya kwa 3.14 na mnapata upana wa mita 15 bila mtu kupenya ndani ya udongo. Watoto wa darasa la tano wanafurahia sana jambo hilo. Darasa la nne wapime kamba tu, wageuze mita kuwa sentimita, inatosha.

Urefu wa kwenda juu ndio wenye mtego. Vitabu vingi vinafundisha njia ya kivuli: fimbo ya mita moja, kivuli chake, kivuli cha mti, halafu uwiano. Kwa mti inafaa. Kwa kichuguu haifai, kwa sababu kivuli cha kilele kinapaswa kupimwa kuanzia chini ya kilele chenyewe, na hapo ni ndani ya udongo. Tena kwetu jua linapita karibu kabisa juu ya kichwa mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo saa sita mchana kivuli kinaangukia kwenye mteremko wa kichuguu chenyewe. Tumia ngazi za mita moja. Mtoto anasimamisha fimbo ya mita moja kwenye kitako. Mwingine analaza ubao ulionyooka, wa mita mbili hivi, toka ncha ya fimbo mpaka uguse mteremko. Juu ya ubao mnalaza chupa ya plastiki yenye maji nusu; maji yakikaa sawa pande zote, ubao uko sawa. Pale ubao ulipogusa ni mita moja juu zaidi. Hamishia fimbo hapo, endelea, hesabu ngazi. Kundi la pili lipande upande mwingine, kisha mlinganishe. Namba hazitalingana kabisa, na mazungumzo ya kwa nini hazilingani yana thamani kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Ujazo wa kichuguu kizima usiulazimishe, umbo lake si la hesabu za shule ya msingi. Chukua mita moja ya ujazo iliyochimbwa. Watoto wapime tofali nyumbani kwao. Likiwa sentimita 20 kwa 10 kwa 10, mita hiyo moja ingetoa matofali 500, kabla hamjaondoa yanayopasuka na udongo unaosinyaa ukikauka. Bei watauliza mtaani wenyewe. Hapo swali la pili, kitabaki mpaka lini, linaanza kuwauma, kwa sababu wanaona kwa namba kwamba nyumba ya jirani ilikuwa kichuguu.

Wanasayansi waliopima umri wa vichuguu vya miombo ya Katanga walipata kimoja chenye zaidi ya miaka 2,000. Mtoto hawezi kuisikia namba hiyo kwa maneno, basi mwonyeshe. Chukua kamba ya mita mbili, kila milimita iwe mwaka mmoja. Toka ncha ya leo, uhuru wa 1960 uko sentimita 6 na nusu hivi. Mwaka 1910, reli ilipofika toka kusini na mji wetu ukaanza kwa jina la Elisabethville, ni sentimita 11 na nusu. Miaka ya 1400, misalaba ya shaba ilipokuwa tayari inatumika kama pesa katika nchi hii, ni kwenye sentimita 60 na kitu. Kamba iliyobaki yote ni ya mchwa. Waambie pia kwamba wayeyushaji wa shaba wa zamani walijenga matanuru yao kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa unavumilia moto. Ukiweza kuwafikisha kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini, fanya hivyo baada ya somo la kamba.

Katika sayansi, kiini ni kwamba mchwa hawa ni wakulima. Wanakusanya majani na miti mikavu, wanaotesha kuvu ndani ya kiota, na wanakula mazao yake. Kuvu hiyo ndiyo inayotoa bowa kwenye kichuguu majira ya mvua, na aina moja inayoota huku kwetu na Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kukaribia mita moja kwa upana. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka kuanzisha makao mapya. Onya kwa sauti kubwa jambo moja: hakuna mtoto anayetumwa kuchuma bowa kwa ajili ya shule. Bowa wenye sumu wapo, na wanafanana na wazuri. Mtakaowachunguza darasani watoke kwa mama anayeuza, kwenye barabara ya Likasi au sokoni, na mama huyo awe mgeni wa darasa akikubali.

Lugha usiilete kwa insha ya "Kichuguu changu". Ipe kazi halisi. Barua ya kumwomba baba mwenye parseli ruhusa ya kupima lazima iandikwe kweli, ipelekwe kweli, na ijibiwe. Maswali kwa fundi wa matofali na kwa muuza bowa yatungwe kwa Kiswahili na mahojiano yafanywe kwa Kiswahili, kwa sababu hapo mtoto anauliza kwa uhuru na mzee anajibu kwa kirefu. Ripoti ndiyo iandikwe kwa Kifaransa. Mtoto mwenye kitu cha kusema anatafuta neno la Kifaransa mwenyewe, na imla ya Ijumaa ichote maneno hayohayo. Uchoraji utakuja wenyewe: kichuguu kilichopasuliwa na mafundi kinaonyesha vyumba vya ndani, wachore wanachokiona.

Darasa la watoto 60 na zaidi haliendi lote kwenye kichuguu kimoja. Ligawe makundi ya watoto wanane wanane, kila kundi na kazi yake, na omba komite ya wazazi watu wazima wa kufuatana nanyi. Nenda mwenyewe siku moja kabla. Nyoka wanakaa kwenye matundu ya vichuguu, na mashimo ya mafundi wa matofali yana kingo zinazobomoka. Mvua ikishajaza mashimo hayo msiende kabisa. Zungumzeni darasani kuhusu maji yaliyotuama, mbu na malaria, maana hilo pia ni jibu la kichuguu kinatupa nini. Uliza wazee kama kichuguu hicho kina makaburi au heshima nyingine. Kikiwa nazo, chagua kingine bila mabishano. Na usiombe pesa kwa wazazi. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu 2019, na mpango huu unahitaji kamba, fimbo, ubao na chupa.

Kuhusu pointi, kuwa mkali na wewe mwenyewe. Kazi moja inaweza kutoa pointi kwa masomo mawili, lakini kila somo lisahihishwe kwa vigezo vyake. Ripoti ya tanuru ina Kifaransa chake: sentensi, tahajia, mpangilio. Ina hesabu zake: vipimo na mahesabu. Mtoto mwenye mwandiko mzuri na namba mbovu asipewe pointi za hesabu kwa huruma, na yule mwenye namba safi asiadhibiwe kwa Kifaransa chake. Toa pointi kabla kila kipindi hakijafungwa, vinginevyo utafika kwenye buletini, karatasi ya matokeo ya mtoto, una picha nzuri ukutani na nafasi tupu kwenye karatasi. Juma la mwisho kabla ya mitihani liwe la marudio tu, bila kazi mpya.

Jibu la swali la pili watoto wako hawatalimaliza katika trimestri moja. Fungueni daftari moja la darasa: kichuguu kiko wapi, mzunguko, ngazi za urefu kwa kila upande, nani anachimba na upande gani. Andika na mwezi na juma mlilopima, kwa sababu kitako baada ya mvua si kilekile cha Septemba. Mwaka ukiisha, mkabidhi daftari hilo mwalimu atakayepokea darasa la tano, apime wakati uleule kwa kamba ileile, na watoto wake watoe tofauti.