Mama ana demensia: tuandike lini matakwa yake?

SWALI: Mama yangu ana miaka 74. Ameambiwa ana demensia, yaani ugonjwa wa kumbukumbu na akili kufifia, ya hatua ya awali. Anarudia maswali, ila bado anajielewa. Ndugu zangu wanasema kuzungumzia mauti sasa ni uchuro. Tusubiri? Na tuandike nini hasa?

JIBU: Msisubiri. Kurudia maswali hakumwondolei mtu haki ya kuamua. Kinachoangaliwa, kwa kila uamuzi peke yake, ni kama anaelewa anachoambiwa, anakikumbuka kwa muda wa kutosha kukitafakari, anapima faida na hasara, na anaweza kueleza alichochagua. Huenda hesabu za benki zimemshinda, lakini anajua barabara ni nani amsemee.

Anzeni na huyo msemaji, pamoja na wa akiba. Familia nyingi humpa kifungua mimba kwa heshima tu. Afadhali yule atakayemwambia daktari alichotaka mama hata kama roho yake mwenyewe inakataa.

Zungumzeni saa ambazo akili yake imetulia, kwa wengi asubuhi, miwani ikiwa usoni na televisheni imezimwa. Nusu saa yatosha. Msimuulize "unataka mashine?" Muulizeni: "Siku hututambui tena na chakula hakimezeki, tufanyeje?" Rudieni siku nyingine, jibu likibaki lile lile, liandikeni kwa maneno yake.

Suala la chakula lisirukwe. Demensia ikikomaa, kumeza hushindikana, mgonjwa hupaliwa na kupata nimonia. Watu hudhani mpira wa kulishia, unaopeleka chakula tumboni moja kwa moja, utazuia hilo. Hauzuii, kwa sababu mate na vilivyomo tumboni bado huweza kuingia mapafuni, wala haijaonekana kuwa unarefusha maisha katika hatua hiyo. Wagonjwa huuvuta, wakaishia kufungwa mikono. Kinachoshauriwa ni kumlisha kwa mkono akiwa ameketi wima, vijiko vidogo, bila haraka, na kuacha akikataa.

Andikeni pia kuhusu kukandamizwa kifua moyo ukisimama, kupelekwa hospitali, na mahali angependa kufia.

Wakili aikague hati mliyoandika: katika nchi nyingi, hati ya kawaida ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kumwamulia mwingine, hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, isipokuwa iandikwe waziwazi kwamba itaendelea. Mashahidi wasiwe warithi. Nakala moja kwa daktari, moja kwa msemaji, moja nyumbani mahali ambapo hata mlezi wa zamu ya usiku ataiona. Ipitieni kila mwaka, na kila anapotoka kulazwa.