Filamu Isiyo na Steringi

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: ni steringi gani wa filamu za uhalifu ambaye hujamsahau, na kwa nini? Nimelisoma mara mbili nikiwa ndani ya daladala kutoka Kariakoo kwenda Mbagala, na limenigusa kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu filamu ya uhalifu ninayoipenda kuliko zote haina steringi. Naomba basi niwajibu kuhusu wale waigizaji ambao sura zao tunazijua na majina yao hatuyajui.

Filamu yenyewe ni Blood Simple ya mwaka 1984, kazi ya kwanza ya ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen. Iligharimu takriban dola milioni 1.5, na fedha hizo hazikutoka katika studio yoyote kubwa. Walianza kwa kupiga kipande kifupi cha kutangaza filamu ambayo bado haikuwepo, kisha wakazunguka nacho kwa watu wenye akiba zao kule Minnesota walikokulia, wakiwaonyesha na kuwaomba watie fedha. Sisi tuliowahi kuzunguka mtaani na kadi za mchango wa harusi tunajua kazi hiyo inahitaji moyo wa namna gani.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Marty, mwenye baa huko Texas, anagundua kwamba mkewe Abby ana uhusiano na Ray, mfanyakazi wa baa hiyo hiyo. Anamkodi mpelelezi binafsi aitwaye Visser awaue wote wawili kwa dola 10,000, lakini Visser anaona ni salama zaidi kuzichukua fedha na kumpiga risasi aliyemkodi. Kuanzia hapo kila mmoja anatenda kwa kuamini jambo ambalo si kweli.

Nilipoishika kalamu nilikusudia kumsifu Visser peke yake, yaani M. Emmet Walsh, aliyefariki Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 88. Ndugu Coen waliiandika nafasi hiyo wakiwa na yeye akilini. Mwili wake mzito unaotoka jasho, kofia yake pana, kile kigari chake cha Volkswagen na kicheko kinachotoka mahali ambapo mtu mwingine angeona aibu, vyote vinamfanya awe mtu ambaye ungeweza kukaa naye benchi moja bila kujua kwamba ameshakuuza. Mhakiki Roger Ebert aliwahi kuweka kanuni kwamba filamu yenye Walsh au Harry Dean Stanton katika nafasi ya usaidizi haiwezi kuwa mbaya kabisa. Naikubali kanuni hiyo, na kwetu ningemwongeza marehemu Mzee Jengua, ambaye akiingia sebuleni kama baba mkali, mchezo wote ulikaa sawa.

Lakini siwezi kuizungumzia filamu hii bila kurudi Manzese, katikati ya miaka ya 1990, kwenye banda la video la mabati ambako mjomba alikuwa akinipeleka Jumamosi jioni. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeonyeshwa Commando ya Schwarzenegger. Jumamosi hiyo mwenye banda alileta kanda aliyoipata kwa baharia mmoja, na mara Marty alipotokea, banda zima lilipiga kelele: "Adui wa Commando huyo!" Kweli alikuwa yeye. Kijana aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, kazi ambayo Lufufu aliifanya ijulikane nchi nzima, aliulizwa swali ambalo kila mtafsiri huulizwa: steringi nani? Akajibu kwamba ni Ray. Tukakaa tukijua wa kumpenda na wa kumchukia.

Kisha kikafika kile kipande cha usiku. Ray amemkuta Marty ofisini, anadhani Abby ndiye aliyemuua, na kwa kumficha mwanamke anayempenda anaupakia mwili kwenye gari aende kuuzika. Njiani anagundua kwamba mtu huyo hajafa. Marty anatambaa barabarani kwa viwiko, taa za lori zikija kwa mbali. Baadaye yumo ndani ya shimo katika shamba lililolimwa, anainua bastola kwa mkono unaotetemeka, anavuta, na bastola hailipuki. Ray anamnyang'anya taratibu, anarudi kwenye koleo lake, na udongo unaendelea kuanguka juu ya mtu anayepiga mayowe. Kwa dakika nyingi hakuna neno linalosemwa. Mtafsiri hakuwa na cha kutafsiri. Alikiweka kipaza sauti mapajani, na ndani ya banda ikasikika jenereta tu iliyokuwa nje. Nyuma yetu alikaa mzee ambaye mtaani ndiye aliyeitwa kila palipokuwa na kaburi la kuchimba. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayewaelekeza vijana wake: "Mfukueni huyo, bado ana roho."

Hakuna aliyecheka. Tulitembea na mjomba hadi Magomeni bila yeye kusema lolote, kisha akaniuliza, "Yule adui, jina lake hasa ni nani?" Sikulijua. Nililipata miaka mingi baadaye, mjomba akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Anaitwa Dan Hedaya.

Sasa kwa kuandika haya naona kwamba jibu nililokuja nalo si jibu langu. Walsh ananistaajabisha kila ninapomtazama, lakini Hedaya alilichukua banda lililojaa watu waliomchukia na kulifanya limwombee, bila neno hata moja. Hata hivyo nisimpunje Walsh, kwani shimo lile linatokana na risasi yake. Wala nisimsahau Frances McDormand, aliyeigiza Abby. Hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na tangu hapo ametwaa Oscar tatu za mwigizaji bora wa kike. Mkishikilia kwamba lazima steringi awepo, basi ni huyo anayebaki amesimama mwishoni, na itanibidi nilegeze kidogo niliyoyasema mwanzoni.

Kura yangu iandikeni kwa Dan Hedaya. Ila mtakaoitafuta filamu hii msiitazame kwenye simu, kama nilivyofanya mwezi uliopita. Kicheko cha Walsh kilinifikia vizuri kwenye kioo kile kidogo, lakini katika giza la shamba mkono wa Marty sikuuona.