Maswali Yenu: Fleti za Kupangisha na Hesabu Asizozitaja Dalali

Nina shilingi milioni 5. Ni wapi karibu na Nairobi nitapata fleti ya kunipa faida ya asilimia 12 kwa mwaka, kama dalali alivyoniahidi? (Msomaji, Donholm)

Swali hili haliishi kuletwa, na kila mara asilimia hiyo imetoka kinywani mwa dalali, ambaye hulipwa nyumba inapouzwa, si inapopata mpangaji. Tuseme fleti hiyo inapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Hizo ni 360,000 kwa mwaka, yaani asilimia 7.2 tu kabla hujatoa chochote. Ikikaa mwezi mmoja bila mtu, zinabaki 330,000. Toa ada ya huduma ya jengo ya 4,000 kila mwezi, ujira wa wakala wa asilimia 8, ushuru wa asilimia 7.5 ambao hutozwa kwenye kodi yote bila kujali gharama zako, na 15,000 za rangi na mabomba: utabaki na takriban 216,000. Wala hukununua kwa milioni 5, kwa kuwa ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na wakili hafanyi kazi bure. Weka milioni 5.3. Faida yako ni asilimia 4 na ushei. Linganisha na hatifungani, yaani mkopo ambao wewe unaipa Serikali: Februari 2024 ilikopa kwa hatifungani ya miundombinu yenye riba iliyozidi asilimia 18, isiyotozwa ushuru. Riba hizo zimeshuka tangu hapo, lakini hatifungani haikupigii simu usiku kwamba choo kimeziba.

Ukishikilia kununua, nunua nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ambayo kwa kawaida huleta kodi nzuri zaidi kwa bei yake kuliko ile ya vyumba vitatu.

Ruaka au Syokimau? (Mama wa watoto wawili, Umoja)

Mama, simchagulii mtu mtaa ambao hajaupita saa kumi na mbili asubuhi akaiona foleni, akawauliza wapangaji, si mwenye nyumba, maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Ruaka iko karibu na kazi za Gigiri; Syokimau ina treni. Huko Syokimau na Athi River, hata hivyo, chunguza ardhi kwanza. Novemba 2011 matingatinga yalibomoa nyumba Syokimau kwa madai kwamba ardhi ilikuwa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na Oktoba 2023 yakabomoa nyingine Mavoko, huko Athi River, kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland. Wengi waliobomolewa walikuwa na karatasi mkononi.

Naweza kununua bila wakili?

Hapana. Wala usitumie wakili wa muuzaji.

Lazima nitangaze kodi ninayopata?

Ndiyo, na ikifika shilingi 288,000 kwa mwaka, ulipe ushuru wake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kampuni moja inauza fleti ambazo bado ziko kwenye michoro, kwa bei nafuu sana. Niweke amana? (Msomaji, Buruburu)

Bei ni nafuu kwa sababu unamkopesha mjenzi bila riba na bila dhamana. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, wakili wako afanye upekuzi katika sajili ya ardhi ajue shamba limeandikwa jina la nani na kama limewekwa rehani benki, kisha aone kibali cha kaunti na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Malipo yafuate hatua za ujenzi, si kalenda ya muuzaji. Wanaokuhakikishia kodi ya miaka miwili ya kwanza huwa wameshaiongeza kwenye bei.

Nitapewa hati gani mwishoni?

Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa mwenye fleti hatimiliki yake mwenyewe, si cheti cha hisa katika kampuni ya usimamizi. Muulize muuzaji kama jengo limesajiliwa chini ya sheria hiyo na, ikiwa ardhi ni ya kukodi, imebaki na miaka mingapi. Akikujibu kwamba hati "zinashughulikiwa", salio lako libaki benki hadi zitoke.